Maji Ndani ya Buti: Jinsi Tulivyotafuta Mahali Yanapoingilia

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia

Tulipoitwa kuja kuzungumza habari ya gari la kikundi, tulidhani mwataka kusikia hesabu, yaani mafuta, bima na mapato. Hayo yako kwenye daftari, na mweka hazina wetu ameketi pale mbele, mtamwuliza wakati wa chai. Sisi tumechagua kuzungumza habari ya maji. Sio maji ya mfereji, hayo tumeyazungumza kila mwaka mpaka tumechoka. Ni maji ndani ya buti ya gari. Msicheke. Maji yenyewe hayangejaza sufuria ya chai, lakini yalikaribia kukivunja kikundi chetu.

Sisi tunatoka Taita, juu ya Wundanyi. Tuko watu 23, wengi wetu akina mama. Tulichanga miaka mitatu tukanunua gari dogo kuukuu, lile la mlango mmoja mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Juu ya paa tukafungiwa keria ya kubebea kabichi na kreti za nyanya. Gari hushusha mboga na maharagwe mpaka Mwatate na Voi, na likirudi hubeba mbegu, mbolea, misumari na chochote mtu alichoagiza. Siku za kawaida hulala kwa mwenyekiti, karibu na barabara. Usiku wa kuamkia soko hulala nyumbani kwa dereva wetu, kwa sababu yeye huondoka alfajiri kabla jogoo hajamaliza.

Mvua za masika zilipoanza, mama mmoja alifungua mfuko wake wa mbolea ya CAN uliokuwa umelala ndani ya gari, akakuta nusu yake imeshikana kama jiwe. Tukasema mwenye duka ametuuzia mbolea ya zamani. Wiki iliyofuata ikawa ni mbegu za maharagwe, zimelowa chini ya gunia, zimeanza kuota. Baadaye gunia la mahindi likatoka na ukungu wa kijani kwenye pembe moja. Ndipo tulipoinua kapeti ya buti na ile sakafu ya mbao. Shimo la gurudumu la spea lilikuwa na maji, jeki imeshika kutu, na harufu yake, mama yangu, ni kama kisima kilichokufa chura.

Hapo kuhusu mahindi hebu tusimame kidogo. Kuna mmoja wetu aliyesema tuyaanike, tuchambue yale mabaya tuwape kuku. Hapana. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao upande wa Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi. Ukimlisha ng'ombe wa maziwa, sumu hutokea kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Gunia lile tulilizika shambani, na mwenye gunia alilia. Kwa hivyo mtu asiwaambie ati buti kuvuja ni jambo la kutaka gari lipendeze tu.

Sasa sikieni tulivyokosea, maana hapo ndipo faida ya mazungumzo haya ilipo.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kutafuta mtu wa kulaumu, nasi tukampata upesi. Watu waliweka hesabu: gari likilala kwa mwenyekiti, asubuhi buti ni kavu. Likilala kwa dereva na mvua ikanyesha, asubuhi buti ina maji. Ilikuwa hivyo kila mara. Basi maneno yakaanza. Ati kijana hukodisha gari usiku, anabebea watu mitungi ya maji. Wengine wakasema anabeba maziwa, wengine samaki. Katika mkutano mzee mmoja alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba mwizi hajulikani kwa sura. Kijana hakujibu neno. Aliweka funguo juu ya meza, akachukua kofia yake, akatoka. Mama yake ni mwanachama, naye alikuwa ameketi pale pale kati yetu. Hakutoka, lakini hakusema lolote mpaka mkutano ukaisha.

Na maji je? Yaliendelea kuingia. Dereva tuliyemwazima alikuwa jirani wa yule kijana, gari likawa linalala katika kiboma kile kile kwa sababu ndicho chenye lango. Buti ikalowa vile vile. Hapo baadhi yetu tulianza kuona aibu, lakini hakuna aliyekubali kuisema.

Tukalipeleka kwa fundi mmoja. Hakumwaga maji, hakuuliza swali, alitazama tu mpira wa mlango akasema ndio huo. Akapaka silikoni pande zote, nene kama siagi ya mkate. Mvua mbili zikapita, maji yakarudi. Fundi wa pili akawa na dawa rahisi zaidi: alitoboa tundu kwenye shimo la spea ili maji yatoke yenyewe. Tukamsifu sana! Maji hayakusimama tena, ni kweli. Lakini tulipofika barabara ya vumbi, ile nyekundu yetu, vumbi lilipanda kupitia lile tundu mpaka kwenye mboga. Halafu akina mama waliokaa kiti cha nyuma wakaanza kulalamika kuumwa na kichwa na kusikia usingizi usio wa kawaida wakati wa kupanda milima.

Hili tunaomba mlishike sana. Ekzosi ya gari inaishia nyuma, karibu na hapo hapo. Tundu kwenye sakafu ya buti, au mpira wa mlango usioshika, unaruhusu moshi kuingia ndani. Katika moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa amelala. Mkiona abiria wa nyuma wanaumwa vichwa, fungueni madirisha, simamisheni gari watu watoke, wapate hewa safi, na gari lisibebe watu tena mpaka ekzosi na matundu yote vikaguliwe. Kwa hivyo kutoboa sakafu sio dawa. Magari mengi yana vizibo vya mpira hapo chini vilivyowekwa na kiwanda. Ukitaka kumwaga maji, ng'oa kizibo, yamwage, kirudishe kikiwa kizima na kimeshika. Na kikipotea, maji ya barabarani yatarushwa na magurudumu yaingie kutoka chini, mtahangaika na paa bure.

Baada ya hasara hizo mbili tukaamua kutafuta sisi wenyewe, Jumamosi, bila fundi. Vitu tulivyotumia ni hivi: ndoo mbili, kopo lenye matundu kama la kumwagilia miche, tochi, chokaa ya ubaoni iliyosagwa, magazeti ya zamani, na akina mama watano. Tulitoa kila kitu ndani ya buti, yaani kapeti, sakafu, spea, jeki. Tukabandua plastiki za ubavuni zinazofunika bati, polepole, maana vile vishikizo vyake huvunjika upesi. Tukakausha kwa vitambaa na jua mpaka hakuna unyevu. Mkipima kabla ya kukausha, mtaona maji ya jana mkadhani ni ya leo. Kisha tukapaka unga wa chokaa kila mahali ndani, kwenye mishono ya bati, chini ya taa, kandokando ya mlango, na kwenye nguzo za nyuma zinazoshuka kutoka paani. Tone likipita juu ya chokaa huacha mstari, na mstari ule ukiufuata kwenda juu unakuonyesha lilikotoka.

Mama mmoja mwembamba aliingia ndani na tochi. Tulikunja viti vya nyuma ili awe na njia ya kutokea kwenye milango ya pembeni. Wale wenye gari la saluni, lenye buti iliyofungwa kabisa, msimfungie mtu ndani, hata akisema yeye haogopi, na mtoto ndio kabisa asiingie. Kunjeni viti mchungulie kupitia hapo, au mwage maji, fungueni, mtazame chokaa.

Tulianzia kumwaga chini tukipanda juu. Mkianza na paa, maji yanateremka yanalowesha taa, mpira, kioo na kila kitu, hamtajua ni wapi. Chini kwanza, kando ya bampa. Dakika tano, kwa saa. Nyuma ya bampa magari mengi yana matundu ya kutolea hewa yenye vifuniko vyepesi vya mpira, na vifuniko hivyo vikikauka au vikijaa matope, maji huingia. Vyetu vilikuwa vizima. Tukapanda kwenye taa za nyuma. Taa hukaa juu ya gasketi ya sponji, na gari likishagongwa au taa ikishabadilishwa, gasketi hairudi vizuri. Upande wa kushoto tuliona tone moja baada ya dakika nne. Tukapiga kelele tumepata! Lakini tone moja kwa dakika nne haliwezi kujaza shimo la spea kwa usiku mmoja. Tuliandika, tukaendelea.

Mpira wa mlango tuliupima kwa karatasi. Unaweka kipande cha gazeti, unafunga mlango juu yake, unakivuta. Kikitoka bila kushikwa, hapo mpira haukandamizwi. Njia nyingine ni kupaka chokaa kwenye mpira, kufunga na kufungua: penye mstari mweupe kwenye bati mpira umegusa, pasipo mstari haukugusa. Ile silikoni ya fundi wa kwanza ilikuwa imeusukuma mpira ukakaa kombo, kwa hivyo tulikuwa tumelipa pesa tupate tundu jipya. Tuliibandua yote kwa kucha na kisu butu.

Tukamwaga kwenye kioo cha nyuma, ambako gundi huweza kuachana na bati. Kavu. Tukamwaga pale waya za taa zinapopita kutoka paani kuingia mlangoni, kwenye ile soksi ya mpira. Kavu. Tukafika paani. Tukamwaga ndoo nzima, mama aliye ndani akasema, "Kavu kama koo langu, leteni chai."

Kusema kweli tulikata tamaa. Tulikuwa tumemwaga maji ya kunyweshea ng'ombe wawili, na jioni ilikuwa inakaribia. Tena wale walioshikilia yale maneno ya wizi walianza kutazamana kama kusema, mnaona?

Ndipo mama wa yule kijana alipozungumza. Alikuwa amekuja kuteka maji kama wengine, hakuwa amesema kitu mchana kutwa. Aliuliza, "Hapa kwa mwenyekiti ni uwanja. Kwetu ni mlimani. Gari likilala kwetu, pua hutazama wapi?"

Tulinyamaza. Kiboma cha nyumbani kwake kinapanda kama ngazi, na gari huingizwa likitazama mlima, pua juu, mkia chini. Hapa tulikuwa tumelisimamisha mahali tambarare kama meza. Hakuna aliyesema neno. Tulilisukuma mpaka kwenye mteremko nyuma ya zizi, tukaliweka pua juu, tukavuta breki ya mkono, tukaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu, kwanza kabla mtu hajaingia ndani. Tukamwaga tena paani, kopo moja tu.

Kabla kopo halijaisha mama aliye ndani akapiga ukelele. Mstari ulikuwa unashuka kwenye chokaa ya nguzo ya nyuma, mkono wa kulia, unapita nyuma ya mahali plastiki ilipokuwa, unaingia moja kwa moja kwenye shimo la spea. Sio tone, ni mfereji.

Ilikuwa ni keria. Aliyeifunga alitoboa paa apitishe bolti, akaweka washa za mpira chini yake. Jua likazipasua zile washa. Gari likiwa tambarare, maji ya paa hukimbilia pande zote mbili na kushuka nje. Likiinua pua, yote hukusanyika nyuma, yakasimama kwenye miguu ya mwisho ya keria, yakapata tundu. Yaani maji yaliingilia paani na sisi tulikuwa tunayatafuta mlangoni, kwa sababu ndipo karibu na tulipoyakuta. Kama mna gari lenye keria ya kutobolewa, au mlima wa kupanda kila siku, pimeni likiwa pua juu, halafu pua chini, halafu limelala upande mmoja.

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo kuliko kutafuta. Tulifungua bolti zote nne za nyuma, tukakausha, tukasugua kutu kwa msasa mpaka bati likang'aa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu tukaiacha ikauke. Washa mpya tulikata kutoka tyubu ya zamani, tukaweka gundi ya bodi chini na juu yake, tukakaza kiasi. Msitumie silikoni ile inayonuka kama siki. Ile harufu ni asidi, nayo hula bati lililo wazi, baada ya mwaka mna tundu kubwa kuliko la kwanza. Mwulizeni mwenye duka gundi ya mishono ya bodi ya gari, au silikoni isiyo na asidi. Nayo haishiki juu ya vumbi, mafuta wala silikoni ya zamani, kwa hivyo mahali pafutwe kwa spiriti kwanza. Tuliiacha siku nzima bila kuigusa.

Taa ya kushoto tuliibadilishia gasketi. Nati za taa msizikaze kwa nguvu za mtu wa shamba, kwa sababu ni plastiki, ikipasuka mtanunua taa nzima. Na kwa kuwa tulikuwa tumeifungua, tulikuta soketi ya balbu ina kutu ya kijani. Taa ya breki ilikuwa inawaka ikipenda. Pengine maji yale yangetugonganisha na lori usiku kabla hayajatuozea gunia lingine.

Lile tundu la fundi wa pili tuliziba kwa kizibo cha mpira na gundi, juu na chini. Mmoja alitaka lichomelewe. Tangi la petroli liko karibu na hapo, ndugu zetu. Usikubali mtu alete moto wa kuchomelea chini ya gari kabla fundi anayejua hajalitoa au kulilinda tangi. Kapeti tuliianika siku tatu ikitazama jua pande zote mbili, na sifongo lililokuwa chini yake tulilitupa, halikukauka na halingekauka.

Gharama yote, gundi, gasketi, msasa na rangi, ilikuwa chini ya ile tuliyowalipa wale mafundi wawili. Wengine mna gari la saluni, kwenu pa kutazama zaidi ni mpira wa kifuniko cha buti, bawaba zake, kioo cha nyuma, na mishono ya bati ndani ya ule mfereji mpira unapokaa, hasa kama gari limewahi kugongwa nyuma likanyooshwa. Aliyenyoosha huweka fila na rangi ya kupendeza, lakini gundi ya mshono ndani hakuna anayeiona, basi huiruka.

Mtatuuliza habari ya kijana. Jumapili jioni tulikwenda nyumbani kwake, watu kumi na mmoja, tukakaa nje kwenye benchi na mawe kwa sababu hatukuenea ndani. Mwenyekiti alisema tulikosa. Kijana alisikiliza, akasema atafikiri. Alifikiri wiki tatu. Sasa amerudi kuendesha, lakini kwa sharti lake: kuna daftari ndani ya gari, kila anayelichukua na kulirudisha huandika saa, kilomita na hali ya buti, hata mwenyekiti. Daftari hilo limetuonyesha mambo mengine ambayo leo si siku yake. Yule mzee aliyesema habari ya mwizi bado hajaenda. Anasema yeye hakutaja jina.

Gari lenyewe liko nje, chini ya ule mgrevilea, na tumeliegesha pua juu makusudi. Mawingu mnayaona. Mvua ikinyesha kabla ya chakula, njooni mfungue buti wenyewe, chokaa bado iko mle ndani.